HARUSI YA RUKIA 💍 (ndani tu)

Mama Rukia, 07:12
Asalaam alaikum. Zimebaki siku 9. Matarumbeta nimeshawapa advansi, wanaanzia uani kwa Bibi saa 9 alasiri. Watoto wote watabeba maua. Michango wametoa 6 kati ya 31. Sisemi kitu.

Mama Rukia, 09:40
Naona 22 mmesoma. Mnakunywa chai?

Mama Idi, 10:05
Waalaikum salaam wifi. Idi usimhesabu kwenye maua. Na matarumbeta yasianzie pale uani, tafadhali.

Mama Rukia, 10:06
Kisa?

Mama Idi, 10:11
Tulimpeleka kwa mtu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku. Masikio mazima, ila kichwani sauti hazichujwi. Feni, tarumbeta, watu wakiongea, vyote vinamwingia kwa nguvu ileile. Lebo ya kanzu nayo inamwasha kama upupu, nimezikata zote.

Mjomba Kassim, 10:13
Upupu 😂 mimi huupata nikisikia mchango

Saidi, 10:13
😂😂 Mjomba apimwe

Mama Rukia, 10:15
Saidi hujatoa hata senti. Mama Idi, sisi tukilia ngomani tulikula kofi moja, kwisha.

Mama Idi, 10:22
Alishalila. Arobaini ya Babu. Akanyamaza kweli, wiki nzima akawa hali ila wali mkavu. Anayedeka ukimpa soda ananyamaza, tena anakuchungulia. Idi siku ile alipewa akaitupa.

Mjomba Kassim, 10:24
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Rukia, 10:25
Ya arobaini tusiyafukue. SARE je? Nani hajachukua kitenge?

Saidi, 11:30
Sasa Idi tumfanyeje siku hiyo?

Mama Idi, 11:41
Aambiwe mapema kinachofuata, hata mara tatu. Apewe kazi nzito, kusukuma kreti, kubeba ndoo. Misuli ikifanya kazi anatulia. Akiziba masikio au akianza kuzungukazunguka msisubiri alie, mtoeni. Msimpapase kichwani jamani. Akikubali kushikwa, mkumbatieni kwa nguvu, kimya. Akishalipuka hasikii neno, mawaidha yasubiri.

Saidi, 11:43
Kreti 40 ziko dukani kwa Mangi, namngoja 💪

Mama Idi, 11:43
Ana miaka 6, Saidi.

Mama Rukia, 11:50
Si avae vya kuziba masikio?

Mama Idi, 11:52
Baba yake kamletea vile vya mafundi wa grenda. Nusu saa tu, vinambana.

Bibi, 13:58
🎤 Ujumbe wa sauti (1:06)

Saidi, 14:02
Kwa wasio na bando: Bibi anasema matarumbeta yaje, Rukia ndiye mjukuu wa kwanza kuolewa. Yaanzie barabarani kwenye mkwaju. Idi atakaa chumbani kwake Bibi, pazia lishushwe. Na aliyemchapa mtoto siku ya arobaini bado hajampa mkono mama wa mtoto. "Miezi saba. Nimehesabu."

Mjomba Kassim, 17:48
Shikamoo mama

Mjomba Kassim, 17:49
Mama Idi nitakupigia

Mama Idi, 18:20
Sawa shemeji.

Mama Rukia, 18:31
Wa matarumbeta wanasema toka mkwajuni ni mwendo, wanaongeza elfu 30. Nani anatoa? Na chumbani nani atakaa na Idi, wakati Bibi yuko nje anampokea bwana harusi?

Saidi, 18:33
Mimi, pilau iletwe hukohuko

Mama Rukia, 18:33
Wewe ndiye wa kreti.

Da Mwana Muscat, 23:51
Jamani ndio natoka kazini. Spika mnafunga wapi? Si palepale dirishani kwa Bibi kama mwaka juzi?