Mama kaanza kutumia simu janja, nimfundishe nini kwanza asije akatapeliwa?

Binti Kitinda
Wakuu habari zenu. Mama amestaafu, tukachangishana tukamnunulia simu janja. Sasa ana WhatsApp, ana barua pepe, na miamala anafanya humo humo. Nimepitia orodha za usalama wa mtandaoni, nyingine zina mambo thelathini. Nikimsomea zote atairudisha simu kwenye boksi lake. Naomba mnichagulie machache yenye uzito. Mama si mjinga, kafundisha watoto wa watu miaka mingi, ila akipigiwa na mtu mwenye sauti ya upole anajibu kila anachoulizwa. Na nenosiri lake ni moja kila mahali: jina la mjukuu na mwaka aliozaliwa. Matusi hapana jamani.

Kipanga Mweusi
Dada, anza na barua pepe, hata kabla ya WhatsApp. Watu wanahangaika kulinda akaunti ya benki huku barua pepe wameiacha wazi, wakati ukisahau nenosiri la akaunti nyingi, kiungo cha kuweka jipya kinatumwa huko. Mwizi akishaishika hiyo, nyingine anazifuata moja moja. Ipe nenosiri lake peke yake lisilotumika kwingine, halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mbali na nenosiri inadaiwa na alama ya pili, kama namba inayotumwa kwenye simu yake. Hilo jina la mjukuu libadilishwe leo. Bila shaka mlishamtakia heri ya kuzaliwa Facebook, picha na tarehe vipo.

Mzee Kobe
Abadilishe nenosiri kila mwezi, na achanganye herufi kubwa, ndogo, namba na alama. Ndivyo tulivyofundishwa kazini.

Kipanga Mweusi
Mzee wangu, shikamoo. Hilo limeshapitwa na wakati. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, tangu 2017 unasema mtu asilazimishwe kubadili nenosiri kwa kufuata kalenda. Libadilishwe kukiwa na dalili kwamba limevuja. Sababu ni sisi wenyewe: ukilazimishwa kila mwezi, mwishoni unaongeza 1, mwezi ujao 2, basi umemaliza. Kinachomchosha mdukuzi ni urefu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, kama "ndoo mawingu kijiko alhamisi ngazi". Hilo lenyewe msilitumie, nimeshaliandika hadharani.

Mzee Kobe
Marahaba. Haya, nimekuelewa. Sasa mama wa watu atayakumbukaje yote hayo?

Fundi Laini
Aandike kwenye daftari. Najua kuna watakaocheka, lakini mdukuzi aliye mbali hawezi kufungua kabati la mama. Likae nyumbani, asitembee nalo mkobani, na namba ya siri ya miamala isiingie humo kabisa. Akishazoea mhamishie kwenye programu ya kutunza manenosiri, simu nyingi zinakuja nayo. Ile ina uzuri wake: akiingia tovuti bandia haimjazii nenosiri, kwa sababu yenyewe inakagua anwani. Nembo na rangi haziidanganyi.

Mwanamaji
Mmeisahau ile ya namba sita, na kwa ninavyoona ndiyo inayowaliza wazazi wengi. Inakuja hivi: rafiki yake wa kweli, jina lile lile, picha ile ile, anaandika, "Samahani dada, kuna namba sita nimezituma kwako kimakosa, nirudishie tafadhali." Sekunde chache kabla ya hapo SMS yenye namba imeshaingia. Mama anaona ni msaada mdogo tu, anatuma. Kumbe akaunti ya rafiki ilishaibiwa, na aliye nayo anajaribu kusajili WhatsApp ya mama kwenye simu yake. Namba zimemfikia mama kwa sababu yeye ndiye mwenye laini. Akizitoa, anatolewa nje, na dakika hiyo hiyo ndugu wote wanaanza kuombwa pesa kwa jina lake.

Dawa: mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, muwekee PIN. Halafu mkaririshe kwamba namba zilizokuja kwa SMS hazisomewi mtu. Si benki, si kampuni ya simu, si wewe mwanawe.

Binti Kitinda
Mwanamaji, hiyo SMS imeshamfikia shangazi yangu! Asante sana. Na viungo je? Nimfundishe kusoma anwani?

Kipanga Mweusi
Wewe ijue, mama mwache. Kinachoangaliwa ni maneno yaliyo kushoto kabisa karibu na mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://. Kwenye "benkiyako.com.hakiki.example/ingia" mwenye tovuti ni hakiki.example, benki imewekwa pambo tu. Na ile alama ya kufuli inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi unaongea na nani. Hata tapeli anayo. Kwa mama sheria iwe moja: ujumbe wa benki ukija na kiungo, asikibofye, afungue mwenyewe programu ya benki aangalie.

Mzee Kobe
Na wanaopiga simu?

Mwanamaji
Akate, mzee. Halafu apige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi ya benki. Anayekuharakisha, "akaunti inafungwa sasa hivi", huyo mwache hewani. Siku hizi hata sauti ya mtoto wako inaigizwa kwa kompyuta, kwa hiyo kubalianeni swali la nyumbani ambalo jibu lake halipo mtandaoni.

Fundi Laini
Masasisho ya simu yawe ya kujiendesha yenyewe. WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilipovamia kompyuta duniani Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka.

Binti Kitinda
Nimeanza na barua pepe kama mlivyosema. Mama ananiuliza kijiko kimeingiaje kwenye nenosiri lake, nikamwambia asimwambie mtu. Hatua mbili nimewasha, imenipa namba fulani za akiba. Hizo ni za nini?

Fundi Laini
Simu ikipotea, hizo ndizo zitakazomrudisha kwenye akaunti. Kila moja inatumika mara moja. Usizipige picha zikabaki kwenye simu hiyo hiyo, ziandike kwenye daftari.