Ziwa Naivasha: wavuvi tunaweza kupima nini wenyewe?

mwandishi_wa_kikundi
Hamjambo wadau. Kikundi chetu cha wavuvi Naivasha kinataka kupima maji na kuweka rekodi. Kila samaki wakionekana wameelea, mabishano huwa yaleyale: huyu anasema dawa za mashamba ya maua, yule anasema maji taka ya mjini, na hakuna mwenye namba mkononi. Tuna mashua, barafu na hela kidogo ya vifaa. Tuanze na nini, saa ngapi? Tutajuaje samaki amekosa hewa au amepata sumu? Na mbona karpi wanastahimili pale tilapia wanapotaabika?

maji_baridi
Anzeni na oksijeni, saa 11 alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku kucha mwani huohuo, samaki na matope huitumia. Ukipima saa 6 mchana utaambiwa ziwa ni zima, kumbe alfajiri samaki walikuwa wanahema juu ya maji. Rudieni saa 9 alasiri palepale. Pengo kubwa kati ya vipimo hivyo viwili linaonyesha mwani umezidi. Pimeni sentimita 30 chini ya uso, kisha nusu mita juu ya matope. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, kaeni macho.

Kosa linalowapata wengi hapo ni mwinuko. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya nyuzi 22 yakishiba oksijeni hubeba kama miligramu 7 tu kwa lita. Mombasa maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo yangebeba 8.7. Mita ya kupimia oksijeni isiporekebishwa kwa mwinuko huzidisha namba kwa karibu robo, na hiyo robo ndiyo uhai wa samaki.

Mita ikiwa ghali, tumieni njia ya Winkler, yaani kupima oksijeni kwa dawa ndani ya chupa. Jazeni chupa ya mililita 300 kwa mrija wa mpira unaogusa chini, maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, pasibaki kiputo chini ya kizibo. Tieni mililita 1 ya salfeti ya manganizi na mililita 1 ya mchanganyiko wa alkali na ayodidi, fungeni, pindueni mara kadhaa. Mashapo ya kahawia maana yake oksijeni ipo; yakiwa meupe, hakuna. Yakituama, tieni mililita 1 ya asidi kali ya salfuriki (glavu na miwani, tafadhali). Nchi kavu, pimeni mililita 201 na mdondoshe thiosalfeti ya 0.025 M (moli kwa lita) tone kwa tone. Rangi ikififia kuwa manjano hafifu ongezeni wanga, mwendelee hadi buluu ipotee. Kila mililita iliyotumika ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita.

nyavu_na_mizani
Kuhusu karpi: huvumilia oksijeni kidogo kuliko samaki wengi, halafu hula kwa kuchimba matope. Uchimbaji huo hutibua maji, hurudisha juu fosforasi inayorutubisha mwani na kuzuia mwanga usifikie mimea ya chini. Tilapia hutengeneza viota kwenye maji ya kina kifupi, na yule wa tumbo jekundu, aliyeletwa ziwani 1956, hutaga mayai juu ya sakafu yenyewe. Tope likitua, mayai yanafukiwa.

Kwa hiyo pimeni uangavu pia. Kateni kisahani cha sentimita 20, kipakeni robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupishana, kiwekeeni uzito, na kamba isiyovutika yenye alama kila sentimita 10. Kishusheni upande wa kivuli wa mashua, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Andikeni kina kinapopotea na kinapoonekana tena, mchukue wastani. Kisha wekeni maji hayo kwenye chupa angavu usiku mmoja: udongo hutua chini, mwani wa buluu-kijani hupanda juu kama utando.

Kwenye samaki, msiandike kilo za siku peke yake. Andikeni kilo kwa wavu kwa usiku, pamoja na ukubwa wa matundu, la sivyo mwaka mkiongeza nyavu mtadhani samaki wameongezeka.

sampuli_baridi
Swali la sumu. Hewa ikikosekana, vifo huja alfajiri, wakubwa hutangulia, na wale kamba wekundu wa maji baridi (crayfish) walioletwa 1970 hutoka majini na kupanda ukingoni. Sumu haichagui saa. Mara nyingi wadogo na wadudu wa majini huanza kufa.

Msiisahau amonia. Pimeni pH (uasidi au ualkali wa maji) alasiri, maana mwani huipandisha: kwa nyuzi 25, pH 8 hufanya kama asilimia 5 ya amonia kuwa ya aina inayoua, na pH 9 zaidi ya thuluthi.

Mkishuku dawa, chukueni lita 1 kwenye chupa ya kioo cha kahawia (plastiki hunyonya baadhi ya dawa), na samaki anayekaribia kufa aliyefungwa kwenye karatasi ya alumini. Vyote kwenye barafu, maabara ndani ya saa 24. Lakini pimeni oksijeni palepale kwanza. Ikifika saa 4 asubuhi jua limeshairudisha, na hakuna maabara itakayouona upungufu huo tena.

mwandishi_wa_kikundi
Asanteni sana. Tutaanza na Winkler na kisahani. Dawa za Winkler zinakaa muda gani?

maji_baridi
Yenye kusumbua ni thiosalfeti, hudhoofika. Iwekeni kwenye chupa ya kahawia mahali pa baridi, na kabla ya kila zoezi ihakikisheni kwa myeyusho wa ayodeti mnaojua nguvu yake. Ikidhoofika mtatumia mililita nyingi zaidi, na ziwa litaonekana lina hewa ambayo halina. Wanga uchemsheni mpya kila wiki.