Bwawa la sato limejaa kijani: kuvuna kwa mkono, mrututu au samaki wala majani?

mfugaji_moro
Wakuu, habari za leo. Bwawa ni la udongo, mita 20 kwa 15. Kina ni sm 50 upande wa maji kuingia na mita 1.1 upande wa kutolea. Kuna sato 900, na kila wiki linawekwa kinyesi cha kuku. Kona zote zimefunikwa na vijani vidogo vinavyoelea, na pembezoni kuna nyuzi ndefu za kijani zenye utelezi. Naomba mnilinganishie: kuvuna kwa mkono, mrututu (salfeti ya shaba), au kuongeza samaki wala majani?

fundi_bwawa
Mkuu, umetaja vitu viwili tofauti, na dawa ya kimoja si dawa ya kingine. Chota vile vijani kiganjani. Kila kijani kikiwa na mzizi mmoja tu, ni dakwidi. Vikiwa na magamba yaliyopandana na vinageuka vyekundu juani, ni azola. Hiyo yote ni mimea, na mrututu hauiui kwa kiwango ambacho sato atakivumilia.

Zile nyuzi ni mwani. Ila ukikuta kitu kinachoota kutoka chini, kinakwaruza mkononi na kinanuka kama kitunguu saumu, hiyo ni chara. Umbo lake ni la mmea, lakini nao ni mwani.

Angalia na maji yenyewe. Jaza chupa ya kioo robo tatu, iache bila kuitikisa hadi kesho yake. Kijani kikijikusanya juu kama rangi ya mafuta, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni sainobakteria, yaani bakteria wa kijani wanaofanana na mwani, na baadhi yao hutoa sumu. Mifugo isinywe hapo.

mama_vifaranga
Kwa dakwidi mimi nasimama na kuvuna. Funga neti ya kivuli kwenye bomba la plastiki linaloelea, watu wawili mlivute kuanzia upande upepo unakotoka. Upepo ukiisukuma kona moja, kazi inakuwa nusu. Kwenye maji yenye mbolea dakwidi huongezeka maradufu kwa siku mbili tatu, kwa hiyo kuvuna mara moja kwa mwezi ni kupoteza nguvu. Vuna kila siku ya pili mpaka uso wa maji uonekane.

Usitupe. Sato na kuku wanaila mbichi, na ina protini nzuri. Inayobaki ipeleke shambani, upande ambao mvua haitairudisha bwawani. Ukiirundika kwenye tuta, virutubisho vyote vinarudi majini.

ziwa_kisumu
Na huku watu huuliza kuhusu wadudu waliotumika kwa magugu maji ya Ziwa Victoria, wale mbawakavu wa Neochetina walioachiliwa miaka ya 1990. Wanakula magugu maji tu, hawagusi dakwidi wala mwani, tena kazi yao ni ya miaka. Kwa kidimbwi, ng'oa magugu maji kwa mkono kabla hayajachanua.

mfugaji_moro
Asanteni. Basi mrututu kwa zile nyuzi? Ualkali wa maji (uwezo wake wa kuzuia asidi) umepimwa: miligramu 60 kwa lita.

fundi_bwawa
Unawezekana, ila kwa hesabu. Gawanya ualkali kwa 100, unapata gramu za mrututu kwa kila mita ya ujazo. Kwako ni 0.6. Kina cha wastani ni mita 0.8, kwa hiyo ujazo ni 20 × 15 × 0.8 = mita 240 za ujazo. Bwawa zima ni gramu 144. Kijiko cha kukadiria kisitumike hapa. Ualkali ukiwa chini ya 50, achana nao kabisa, shaba itaua samaki.

Usiweke zote pamoja. Gramu 48 kwa theluthi moja ya bwawa, kisha subiri siku 10 hadi 14 kabla ya theluthi inayofuata. Yeyusha kwenye ndoo ya plastiki, maana ya bati italiwa. Nyunyiza asubuhi yenye jua, na usiguse siku ya mawingu. Mwani ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Ndiyo maana samaki hukutwa wakihema juu alfajiri, siku kadhaa baada ya dawa, na mfugaji anadhani wamekula sumu. Kambale anavuta hewa ya juu, anaweza kupona. Sato hana njia hiyo. Pampu ya maji iwe tayari.

Kama ile chupa imeonyesha sainobakteria, mrututu unapasua seli na kumwaga sumu yote majini kwa pamoja. Hapo badilisha maji kidogo kidogo na usitishe mbolea.

Zungusha kwanza nyuzi kwenye mti au reki na uzitoe. Unaweza usiuhitaji mrututu kabisa.

kambale_na_sato
Samaki wala majani nao wana mipaka. Grass carp ni mgeni. Usimlete bila kibali cha idara ya uvuvi, na akikua nyuzi za mwani hazimvutii. Perege wa aina ya rendalli anakula mimea laini vizuri, lakini anazaana bwawani na kugombania chakula na sato wako.

mama_vifaranga
Mkuu, simamisha kinyesi cha kuku leo. Kupima uwazi wa maji, tengeneza sahani ya sm 20, robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupishana, uifunge kwenye mti wenye alama za sentimita. Ishushe mchana. Ikipotea kati ya sm 25 na 40, usiongeze mbolea. Ikipotea kabla ya 20, imezidi. Ikionekana kupita 60, mwanga unafika chini na mimea ya sakafuni itaota.

fundi_bwawa
Na ule upande wa sm 50 ndio kitalu cha magugu. Ukishavua sato wote, kausha mpaka tope lipasuke, kwangua mizizi, chimba ufike sm 80, kisha mwaga chokaa iliyozimwa gramu 100 kwa mita ya mraba, yaani kilo 30 kwa bwawa zima. Jaza maji, na usipande vifaranga mpaka pH ishuke chini ya 8.5. Chokaa hiyo isiwekwe kamwe kwenye bwawa lenye samaki: pH inaruka, na amonia inageuka sumu.