Sindano baada ya mtoto kutoka, na damu kupita kiasi

Mjamzito_Wiki36: Habari zenu. Nasikia mkunga hudunga sindano ya paja mtoto akishatoka. Ni ya nini? Na nitajuaje kama damu imezidi?

Mkunga_wa_zamu: Salama, mama. Ni oksitosini, yuniti 10, hutolewa ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa. Huubana mfuko wa uzazi ili kondo la nyuma litoke na mishipa iliyokuwa chini yake izibe. Mfuko ukilegea, mishipa hubaki wazi, na hicho ndicho chanzo kikubwa cha mama kuvuja damu. Hata ukijisikia una nguvu, usiikatae.

MuuguziWodini: Naongezea: kojoa mapema! Watu hulipuuza hili. Kibofu kilichojaa huusukuma mfuko kando na kuuzuia usikaze. Papasa tumbo karibu na kitovu. Unapaswa kuhisi kitu kigumu cha mviringo. Kikiwa laini, ita muuguzi huku ukipasugua kwa nguvu mpaka pakaze.

Mjamzito_Wiki36: Asanteni. Na nikisharudi nyumbani?

Mkunga_wa_zamu: Pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa 1, mabonge makubwa, kizunguzungu au moyo kwenda mbio: nenda hospitali hapo hapo, hata usiku wa manane. Kipande cha kondo kilichobaki ndani kinaweza kuleta damu siku kadhaa baadaye, na kikipata maambukizi utaona homa na uchafu wenye harufu mbaya. Damu ya kawaida hupungua siku hadi siku; ikiongezeka ghafla, usingoje kliniki.