DJ mwenzako alikuokoa au alikumaliza? Tupeane uzoefu

Mwenye Mada (Kisumu): Jana pale Kondele nimepishana na Probox nyeupe imejaa spika, bampa imefungwa kamba. Nikamkumbuka mwenyewe. Ndiye alimwambia mteja wangu kuwa nimeuza vyombo nikarudi kijijini! Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Wenzangu wa harusi, mmetendwa nini? Au mmesaidiwa?

Fundi Waya (Nakuru): Mimi ni kushushiwa bei. Kamati moja ya Bahati niliwapa 35,000: spika nne, jenereta, watu wawili. Mwenzangu akaenda na 12,000. Siku yenyewe akaja na spika mbili za baa. Saa nane wananipigia, "njoo utuongezee sauti". Sikuenda.

Selekta wa Njoro: Ungeenda. Harusi ni ya maharusi.

Fundi Waya: Enda wewe, na gari utie maji badala ya petroli.

Ohangla Mchana (Ahero): Hapo kwa bei naunga mkono.

Mwana Vihiga: Hii nilikuwa nimeapa sitaisema. Harusi karibu na Chavakali, tenti nne, stima inavutwa kutoka kwa nyumba ya mwenye boma, laini zote tatu. Saa tano mpishi akachomeka vitu vyake, wa keki akachomeka friji, sijui nani akavuta waya kwenye boksi, nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ikachomoka. Anayejua anajua: nyutro ikikatika, ile volti 240 yako inaweza kupanda kuelekea 415. Nilisikia tu *twaa*, halafu harufu. Amplifaya mbili, mixer, chaja ya laptopu, zote kwisha. Bibi harusi yuko kwa gari, akina mama washaanza vigelegele, mimi nimeshika maiki iliyokufa.

Mtu pekee niliyejua hana kazi siku hiyo ni jamaa wa Kisumu tuliyekuwa hatusalimiani miaka miwili, kwa sababu ya harusi ya Mbale. Ndiyo, mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nikapiga. Hakunitukana, aliuliza tu, "Stima umepima?" Akapanda kupitia Kiboswa na Majengo, na muda huo wote watu wa isukuti ndio walioshikilia wageni, maana ngoma yao haiombi stima. Alipofika alivua fulana yenye jina lake, akavaa yangu ya akiba, imembana tumbo. Akawasha jenereta yake, akakaa nyuma ya spika kama utingo. MC alipomuuliza yeye ni nani, akasema, "Niko na DJ." Mpaka jioni hakuna aliyejua.

Dada Deki (Kisumu): Nimelia na niko kwa matatu.

Ohangla Mchana: Fulana ndiyo imenimaliza.

Mwenye Mada: Hao ni wachache. Mimi niliita mtu anishikie, jioni nakuta kadi zake kila meza, hadi chini ya keki.

Selekta wa Njoro: Kadi si dhambi. Mgeni akiniomba namba nimnyime?

Dada Deki: Unampa namba ya aliyekuita. Kazi ni yake na wateja wa hapo ni wake. Wakikutafuta baada ya mwaka, hiyo ni bahati yako.

Selekta wa Njoro: Mwaka! Watoto watakula mwaka?

Mzee wa Kaseti (Kakamega): Sisi huku tulikuwa watu saba na makubaliano ya mdomo. Ukimshikia mwenzako unapewa nusu kabla jua halijatua, mafuta mbali, na bei usiijadili na mteja wake. Na mpime soketi kwa mita, vijana, si ile bisibisi yenye taa. Hiyo huwaka tu, iwe 240 iwe 400. Kikundi kilienda vizuri mpaka mmoja akanunua spika kubwa, akaacha kupokea simu.

Fundi Waya: Nusu, na vyombo vyote ni vyake? Achukue zote.

Jirani (Webuye): Harusi mbili, katikati ni ua tu, maiki zetu zisizo na waya ziko masafa yale yale ya redio. Mchungaji wao akahubiri utii wa mke kwenye spika zangu, sisi tunakata keki. Niliruka ua tukagawana masafa kwa karatasi. Siku hizi nikifika mahali naanza kwa kumsalimia wa upande wa pili.

Meza ya Saba: Mimi mwenzangu aliniitia maafisa saa tatu usiku. Kibali cha kelele kiko wapi, leseni ya muziki iko wapi. Na alikuwa ameketi hapo hapo, anakula wali wetu.

Ohangla Mchana: Kibali ulikuwa nacho?

Meza ya Saba: Hiyo si hoja.

Dada Deki: Mwana Vihiga, wa fulana ulimlipa ngapi?

Mwana Vihiga: Kamati ilinimalizia salio baada ya wiki tatu.

Dada Deki: Sijauliza kamati.

Mwana Vihiga: Nilimtumia elfu mbili ya mafuta. Nilikuwa na amplifaya za kutengeneza jameni. Alisema ni sawa.

Mzee wa Kaseti: "Sawa" ya namna hiyo naijua.

Selekta wa Njoro: Na mnanifokea mimi wa kadi!

Mwana Vihiga: Haya, nimejaribu kumtumia 10,000 sasa hivi, limetokea jina la mama nisiyemjua, nikaghairi. Nani ana namba yake mpya? Anaendesha Probox nyeupe.

Mwenye Mada: Bampa ina kamba?

Mwana Vihiga: Ndiyo. Kwani?

Mwenye Mada: Namba ninayo. Nakutumia kando. Mwambie ya kwangu bado.