Mrejesho: Kifaa kilicholia karibu na kilima cha Salaita

Ndugu zangu, niliwauliza kama nichimbe pale kifaa cha kutafutia vyuma kilipolia shambani kwa mjomba, karibu na Salaita, kilima cha huko Taveta ambako Wajerumani waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nimerejea Nairobi jana. Tulifukua polepole, kina cha shubiri moja, tukapata maganda matatu ya risasi yenye kutu ya kijani, moja likiwa limejaa udongo mwekundu mdomoni. Kisha kikalia kwa nguvu juu ya kitu kikubwa cha mviringo. Hicho hatukukigusa, bali tulizungushia mawe na kuwaita polisi, kwa kuwa kombora la zamani bado huweza kulipuka. Maganda sitayauza: ninaishi Kariokor, mtaa uliorithi jina la Carrier Corps, wapagazi wa vita hiyo, ambao wengi wao hawana hata kaburi lenye jina.