Naombeni ushauri: chupa nne za virutubisho vya ngozi, niendelee au niache?

MamaWaPili
Habari zenu wanajamvi. Nina miaka 44. Mwaka jana niliona picha zangu za harusi ya mdogo wangu, mikunjo pembeni mwa macho ikanikosesha usingizi. Nikaanza virutubisho: poda ya kolajeni (protini inayoshikilia ngozi), kapsuli za "nywele, ngozi na kucha", multivitamini, na mafuta ya ini la samaki. Huu mwezi wa nane. Mikunjo iko pale pale, midomo inakauka hadi inapasuka, na nikichana nywele kitana kinatoka kimejaa. Juzi nimepima damu, majibu ya tezi ya thairoidi yakaja yamepanda wakati sina dalili hata moja. Daktari anataka kurudia kipimo. Je, niongeze dozi au niache? Mwenye kujua asinifiche.

FundiMaabara
Pole dada. Kabla hujarudia kipimo, soma kiasi cha biotini, aina ya vitamini B, kwenye hizo kapsuli. Mtu mzima anatosheka na maikrogramu 30 kwa siku, na vidonge vingi vya urembo vina 5,000 hadi 10,000. Vipimo vingi vya maabara vinatumia biotini hiyohiyo kunasia kile tunachokitafuta kwenye damu. Ikizidi mwilini, mashine inadanganyika: TSH (homoni inayoiamuru thairoidi) inasoma chini, T4 (homoni ya thairoidi yenyewe) inasoma juu, na mtu asiye na ugonjwa wowote anaonekana mgonjwa wa thairoidi. Kinachonitisha zaidi ni troponini, kipimo cha moyo, kwa sababu inaweza kusoma chini wakati mtu ana shambulio la kweli. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya hili mwaka 2017. Mwambie daktari kila unachomeza, usibakize hata kimoja.

Kipepeo79
Mimi nitaitetea kolajeni. Natumia mwaka wa pili, na ngozi yangu siyo ile ya zamani. Usiiache dada, inataka subira.

MsomaLebo
Kipepeo79, sikubishii ulichokiona kwenye kioo chako. Ila tuelewane: kolajeni ukiinywa haiendi moja kwa moja usoni. Tumbo linaikatakata kuwa amino asidi na vipande vidogo vya protini, na mwili ndio unaoamua vikatumike wapi. Majaribio yenye matokeo mazuri yapo, hasa kwenye unyevu na mnyumbuko wa ngozi. Lakini mwaka 2025 watafiti waliyajumlisha majaribio 23, na walipoyatenganisha kwa mfadhili, yale ambayo hayakulipiwa na makampuni hayakuonyesha nafuu yoyote. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko tangazo lolote. Vitamini C nayo ni kweli mwili hauwezi kujenga kolajeni bila hiyo, ndiyo maana anayeikosa kabisa hupata kiseyeye. Ila asiyepungukiwa akiongeza juu yake, sioni anachopata.

NesiMstaafu
Mwanangu, hiyo midomo na hizo nywele ndizo zimenifanya niandike. Vitamini A ikizidi kwa muda mrefu inaleta hivyohivyo, na ini pia linaumia. Kikomo cha mtu mzima ni maikrogramu 3,000 za retinoli, yaani vitamini A yenyewe, kwa siku. Chukua chupa zote, zigeuze nyuma, tafuta retinoli au retinili, ujumlishe. Na kama bado unaweza kushika mimba, hili ni la leo, lisingoje kesho, kwani vitamini A nyingi inaharibu mtoto tumboni.
Beta-karotini, ile ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiingii kwenye hesabu hiyo, lakini anayevuta sigara asiiguse ya vidonge. Jaribio kubwa la Finland lililotangazwa mwaka 1994 lilikuta wavutaji waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa 18%.

MsomaLebo
Nakazia kwa Nesi, tena kuna jaribio la Nambour, Australia, ambalo kila mwenye chupa kabatini angelijua. Watu wazima 903 walifuatiliwa miaka minne na nusu. Wengine walipaka losheni ya kukinga jua kila siku, wengine walipaka wanapojisikia. Na ndani ya jaribio hilohilo wengine walimeza beta-karotini, wengine vidonge visivyo na kitu. Waliopaka kila siku, ngozi zao zilizeeka pungufu kwa 24%. Vidonge vya beta-karotini havikubadilisha chochote cha maana. Dada, unapaka?

MamaWaPili
Sipaki. Wala sikuwahi kuwaza.
Nimezipanga chupa mezani, nikamulika lebo kwa tochi ya simu maana maandishi ni madogo kama mchanga. Kapsuli: retinoli 1,500. Multivitamini: 900. Mafuta ya ini: 1,350. Jumla 3,750, kila siku, miezi minane. Biotini ni 10,000. Mikono imeniishia nguvu.
Kapsuli na mafuta nimeviacha leo. Kesho naenda kwa daktari na chupa zote nne, nimwombe aangalie na ini. Mimba haipo, nesi, asante kwa kunijali. FundiMaabara, nikae siku ngapi bila biotini ndipo nipime tena?

FundiMaabara
Kwa dozi yako, siku mbili tatu ndizo za chini kabisa, na wiki ni salama zaidi. Waulize pia maabara yenyewe, mashine hazifanani. Na kwenye fomu waandike tarehe uliyomeza ya mwisho.